Sufuria Isiyojua Nyama

Siku ya kumaliza matanga ya Kalombo, watu wa Kikula, mtaa wa Likasi, walikuja wengi. Waliimba, walisali, walimlilia marehemu mpaka watu wa barabara ya nyuma wakasikia. Lakini sahani zilipopita, mikono ilikunjwa. Huyu alisema amefunga, yule alisema tumbo linamwuma, mwingine eti ametoka kula nyumbani sasa hivi. Bukari, ugali wao, ilipoa na kukauka juu. Kuku walibaki na mapaja yao yote. Na lile beseni la mayai ya rangi ya udongo, aliyoyapika Mathilde, mke wa marehemu, kama mama mukwe wake alivyomfundisha kuyapika kila penye kilio, hakuna aliyeligusa. Jioni mjane aliosha vyombo vilivyojaa. Aliyewahi kuosha sahani iliyojaa anajua uzito wake.

Kalombo alikufa Jumapili baada ya chakula, glasi ya maji bado mkononi. Daktari alisema ni moyo. Kartye, mtaa mzima, ilisema ni mke. "Alikula bwana yake," walinong'ona bombani, na maana yake kila mtu aliijua: Mathilde ni mulozi, mchawi anayekula watu. Ushahidi wao ulikuwa sufuria.

Sufuria yenyewe ilikuwa ya bluu, ya zamani, imebanduka rangi ukingoni. Ilikaa peke yake juu ya msumari, mbali na nyingine. Haikuingia nyama, haikuingia samaki, haikuguswa na mwiko uliotoka kwenye mchuzi. Kazi yake ilikuwa moja: mayai mazima ndani ya maganda yake, yamefunikwa kwa maganda makavu ya vitunguu, na mafuta kidogo, na machicha ya kahawa, juu ya moto mdogo uliolala, kutwa na kucha, mpaka yai linakuwa la kahawia nje na ndani. Sheria hiyo Mathilde aliikuta kwa mama mukwe wake, Mama Emmanuella, siku alipoolewa.

"Hii haijue nyama," mama mukwe alimwambia. "Siku itajua nyama, imekufa. Usiniulize sana, na minye mwenyewe nilikuta vile."

Kabla ya kuolewa Mama Emmanuella alifanya kazi mjini, kwa Madame mmoja. Ila hayo yalikuwa mambo ya usichana wake, na usichana wa mama mukwe hauulizwi. Ukoo mzima wa Kalombo uliamini kwamba sufuria ni desturi iliyokuja na babu yao kutoka Kasai, katika gari-moshi lililoleta watu wa kazi ya migodi. Symphorien, mdogo wa Kalombo, alijisifu nayo kila palipo na chupa: "Siye bana ba Kasai tuko na sufuria yetu! Benyewe muko na nini?"

Baada ya mazishi mtu alikwenda kumwuliza mzee aliyezaliwa Kasai kwenyewe. Mzee alitikisa kichwa. Kwao hakuna kitu kama hicho, hata kwa kusikia. Basi ikawa hivi: kama sufuria si ya Kasai, na si ya kanisa, ni ya nani? Siku ya matanga Symphorien ndiye aliyekuwa wa kwanza kukunja mikono.

Mathilde hakugombana na mtu. Alikwenda Misa ya asubuhi, alikaa kiti chake, aliangalia. Aliona wanavyosogea. Aliona zamu yake ya sikukuu ikihamishwa, kutoka jikoni kwenda kwenye ufagio. Mama Berthe, mkuu wa shirika la kanisa na jirani yake wa ukuta kwa ukuta, ndiye aliyemwambia, kwa sauti tamu kama miwa: "Pumuzika, mama. Uko na kilio."

"Kilio kinaisha, mama Berthe."

"Pumuzika tu."

Ndipo siku moja baada ya Misa, Aba Michée, padri wao, akasimama mbele ya watu na habari. Kuna wageni wanakuja. Ni kundi la Wayahudi, wametoka nchi mbalimbali, wanazunguka Katanga pamoja na kiongozi wa safari. Baba zao na babu zao walitoka kisiwa kimoja kinachoitwa Rode, wakafungua maduka ya vitenge na chumvi na baiskeli, siku Likasi ilipokuwa bado inaitwa Jadotville. Wataona kwanza nyumba yao ya sala kule Lubumbashi, kisha watakuja hapa kuona makaburi ya watu wao na maduka ya zamani. "Wakitoka makaburini watapumzika kwetu," alisema Aba. "Hawataki kuona wafu peke yao, wanataka kuona na wanaoishi. Watakaa kwa mama Mathilde."

Viti vililia. Mama Berthe alimfuata Aba mpaka mlangoni.

"Aba, kartye yote hii, uliona kwa Mathilde tu?"

"Kwake iko kivuli na bomba ya maji. Na iko karibu na makaburi."

"Aba, unajua benye banasema."

"Najua. Njo sababu nilichagua kwake."

Siku moja kabla ya wageni, kiongozi wa safari alifika kukagua mahali. Aliitwa Déogratias, kijana wa Lubumbashi, shati limepigwa pasi mpaka linakata. Alipima kivuli kwa macho, akafungua bomba, akaridhika. Kisha akasema, kwa heshima: "Mama, tafadhali, usipike. Hawa wageni iko na sheria ya chakula. Nyama haikutane na maziwa, sufuria nayo ina sheria yake. Bako na rabi, mwalimu wao wa dini, anaangalia kila kitu. Chakula chao kinatoka Lubumbashi mu karto."

"Hata kidogo hawatakula?"

"Maji ya chupa, mama. Na ndizi, ukiwa nazo, sababu iko na ganda."

Upande wa pili wa ukuta mtu alikohoa, na kikohozi cha mama Berthe hakihitaji kutambulishwa. Kabla ya jioni habari ilikuwa imefika mpaka stendi ya taxi-bus: wageni wameambiwa wasile kwa Mathilde. Hata Wazungu, wanaotoka ng'ambo, wamejua.

"Lisemwalo lipo," mama Berthe alisema bombani, ndoo kichwani. "Na kama halipo, linakuya."

Mathilde alikaa kwenye kigoda, mikono juu ya magoti. Alijua kitakachotokea. Wageni watakuja, kartye yote itakuwa ukutani, watakula kutoka katika makaratasi yao na kuondoka midomo ikiwa haijagusa kitu cha mkono wake. Kuanzia siku hiyo hakuna mtu atakayekula kwake tena, wala ubatizo, wala harusi, wala kifo chake mwenyewe. Alifungua Biblia pale inapofunguka yenyewe, kwa mjane wa Sarepta, yule ambaye unga wake na mafuta yake havikwisha wakati wa njaa. Mwanamke yule hakuwa mtu wa Israeli. Eliya alikuwa nabii wa Israeli, mwenye sheria zake. Na alikula mkononi mwake.

"Bwana," Mathilde alisema, "minye sitaki muujiza wa unga. Mutu mumoja akule tu, mbele yabo."

Akainuka, akaiteremsha sufuria ya bluu. Kama mgeni atakataa, akatae kilichopikwa. Asikatae moto uliozimika. Alipanga mayai, akayafunika kwa maganda ya vitunguu mpaka yasionekane, akatia maji na machicha ya kahawa, akaacha sufuria juu ya babula, jiko lake la makaa, makala yakifukuta chini ya majivu.

Siku yenyewe ukuta ulijaa kabla ya saa. Wengine walikuja na viti. Symphorien alisimama karibu na lango, mikono mfukoni, kama mtu anayengoja kupita tu. Bisi ndogo ya wageni ilikuja ikipita kati ya malori ya migodi yaliyojaa barabara, ikasimama na vumbi lake. Walishuka wazee kwa vijana, kofia, miwani, kamera. Rabi alikuwa mwembamba, mwenye ndevu na kofia nyeusi kwenye jua lile. Nyuma yao mwanamke mzee mwenye nywele nyeupe fupi alishuka polepole akishika mkono wa Déogratias. Aba Michée aliwapokea.

Mathilde hakuwa na hotuba. Alikuwa ameweka langoni beseni, jagi la maji na taulo safi, kwa sababu wanatoka makaburini, na atokaye makaburini haingii kwa watu kabla ya kunawa. Hiyo Kikula yote inaijua. Rabi aliliona beseni, akasimama. Alimuuliza Déogratias neno, Déogratias akamuuliza Mathilde.

"Anauliza, nani alikuambia kuweka maji?"

"Aniambie nani? Wametoka kwa wafu. Watanawa."

Déogratias alitafsiri. Uso wa rabi ulifunguka. Alikunja mikono ya shati, akachukua jagi, akajimwagia mkono huu, kisha ule, kisha tena huu. Wageni wote wakapanga mstari kama watoto wa shule. "Anasema," Déogratias alieleza, naye sasa anacheka, "hata kwao njo vile. Alifikiri atakuta maji mu bisi tu."

Ukutani watu walitazamana. Mama Berthe alisema, "Kunawa haiko kula."

Wakakaa kivulini. Karto, maboksi yao ya chakula, zikatolewa, mikate na vitu vilivyofungwa katika karatasi ya fedha. Mathilde aliwagawia ndizi na maji, akarudi kusimama karibu na babula yake, wima. Shingo yake haikuinama.

Yule mwanamke mzee hakufungua karatasi yake. Alikuwa ameinua pua. Aligeuza kichwa huku na kule kama mtu anayeitwa kwa jina la utoto. Kisha akasema, na kartye yote ikasikia Kiswahili cha mtoto wa Likasi kikitoka kinywani mwa Mzungu mwenye mvi:

"Mama, minye nasikia harufu. Ndani ya ile sufuria iko nini?"

Ukuta ulilipuka. "Anasema kama siye!" "Mama eee! Sikiliza bibi!"

Jina lake lilikuwa Claire. Alizaliwa hapa, akaondoka akiwa mtoto wa shule, na Kiswahili chake kilikuwa kimebaki na umri ule ule. Mathilde alimjibu kama anavyojibiwa mgeni: "Ni mayai, mama."

"Mayai ya vitunguu?"

"Ya maganda ya vitunguu."

Claire aliinuka bila kushikwa mkono. Alifika kwenye babula, akafunua kifuniko, mvuke ukamjaa usoni. Alibaki hapo. Kisha akasema neno la kwao, *haminados*, mara moja, na nusu ya wale wageni wakasimama.

"Ni mayai ya Sabato," alimwambia Mathilde. "Bibi yangu alikuwa anapika. Jumamosi siye hatuwashe moto, njo maana anapika polepole tangu Ijumaa. Nani alikufundisha?"

"Mama ya bwana yangu. Alitumika kwa Madame mumoja, mjini. Jina la Madame sijue."

"Hata minye sijue," Claire alisema. "Pengine rafiki ya bibi yangu. Pengine jirani. Tulikuwa wengi pale mjini." Akashika mkono wa Mathilde. "Lakini yule Madame alikuwa mutu wetu."

Mathilde alisikia kitu kikifunguka ndani ya kifua, kama kifundo cha kitenge. Hakukiacha kifunguke chote. Kazi ilikuwa haijaisha, maana rabi alikuwa amesogea, na uso wake ulikuwa umerudi kuwa uso wa sheria. Aliuliza maswali, Déogratias akayapitisha.

"Sufuria hii imewahi kupika nyama?"

"Hapana."

"Hata siku moja? Hata kwa kusahau?"

"Hii hapana. Zilikuwa mbili." Mathilde alionyesha kando ya mlango, palipokuwa na sufuria nyingine ya bluu, dada ya ile, imetobolewa chini, imejaa udongo na maua mekundu. "Ile, bwana yangu Kalombo alirudi siku moja na njaa, akapashia majani ya sombe na nyama ndani yake. Mama yake alilia kama amefiwa. Asubuhi alichukua msumari akaitoboa. Alisema imekufa. Njo tukapanda maua."

Déogratias alipomaliza kutafsiri, rabi alikwenda mpaka kwenye maua. Aliinama, akaingiza kidole, akalipata tundu la msumari. Aliporudi alikuwa anatabasamu ndani ya ndevu.

"Anasema," Déogratias alisema, "anajua nyumba nyingi za Wayahudi zisizoweza kumwonyesha tundu kama hilo." Rabi akaongeza neno. "Anasema imebaki kitu kimoja. Chakula kilichopikwa, mkono wao lazima uwe kwenye moto. Mayai yangali yanapikwa?"

"Yangali."

"Basi anaomba ruhusa ya kuchochea."

Mathilde alimpa nafasi. Rabi alivua koti lake, akapiga magoti katika vumbi la Kikula, akachagua kipande cha kala ndani ya gunia kwa vidole vyake vyeupe, akakiweka chini ya sufuria. Kisha, kwa vile kala halikushika haraka, alivimbisha mashavu akapuliza. Majivu yakamrukia kofiani.

"Yesu wangu," mama Berthe alisema. "Padri ya Bayuda anapuliza babula ya Mathilde."

"Puliza chini, Baba!" kijana mmoja alipiga kelele ukutani. "Chini, chini! Huko juu unajipikia ndevu!"

Watu walicheka, na rabi, bila kujua kilichosemwa, alicheka nao. Kala likawa jekundu.

Sufuria ikateremshwa. Claire alichukua yai la kwanza. Alilipasua juu ya jiwe la kizingiti, akalimenya, likatoka la kahawia laini kama mti uliosuguliwa. Rabi akasema sala fupi. Claire akauma.

Alikula akiwa amefumba macho, lote, mpaka kiini. Akaomba chumvi baada ya kumaliza, jambo lililowachekesha wanawake. Akachukua la pili. Ndipo wageni wote wakanyoosha mikono, rabi mwenyewe pamoja nao, na lupango lote, uwanja mzima wa nyumba, likawa sauti moja ya maganda yanayopasuka.

Claire alifuta vidole. Akageukia ukuta, akasema nao kwa kile Kiswahili chake cha daftari la kwanza:

"Sikilizeni. Baba zetu walitoka Rode kuja hapa. Wale walibaki kule kisiwani, siku ya vita walichukuliwa, wakauawa, karibu wote. Wabibi wote wenye kujua kupika hivi, walikwenda nao. Minye nilifikiri haya mayai yamebaki mu kichwa yangu tu. Kumbe iko mama mu Kikula, hata jina letu hajue, na anatuchungia." Akainua ganda moja la yai. "Tena sikilizeni. Hii haiko ya Sabato tu. Kwetu ukitoka kuzika mutu wako, jirani anakuletea yai. Sababu yai haina kona, haina mwanzo na haina mwisho. Unakula mu kilio. Kukataa yai ya kilio," akatafuta neno, akakosa, akatikisa kichwa tu.

Hakuna aliyekohoa. Kila mtu pale alikuwa analiona lile beseni la matanga lililorudi limejaa. Mathilde naye alikuwa analiona, lakini kwa mara ya kwanza halikuwa aibu yake.

Symphorien alitoa mikono mfukoni. Alipita lango, akapita katikati ya wageni, mpaka mbele ya babula.

"Mulamu," alisema, maana ndivyo wanavyoitana shemeji na shemeji. Alisema chinichini.

"Sikusikie, Symphorien."

"Mulamu."

"Siku ya matanga sauti yako ilikuwa kubwa. Ulisema umefunga, hata kule mbali Shituru banasikia. Leo unaniitia mu pua?"

Ukuta ulicheka. Symphorien alikuwa mtu mzima mwenye watoto wakubwa. Aliinua kichwa.

"Mulamu Mathilde! Minye, mudogo wa Kalombo, naomba yai! Mbele ya bote!"

Mathilde alimwangalia sana. Kisha akachagua yai kubwa kuliko yote, akalipasua, akalimenya mwenyewe kwa vidole vyake, polepole, ganda kwa ganda, ili kila mtu auone mkono unaofanya kazi. Akalichovya katika chumvi. Hakulitia katika sahani. Alimpa mkononi mwake. Symphorien alikula, na machozi yakashuka yakakutana na chumvi.

"Tamu?" mtu aliuliza ukutani.

"Ya mama yetu," alisema, kinywa kimejaa. "Ile ile ya mama yetu."

Baada ya hapo lango halikutosha. Waliingia kwa lango na kwa ukuta. Rabi aliwahi kufunga mayai machache katika leso yake kwa ajili ya Sabato yao ya Lubumbashi, na alifanya vizuri, kwa sababu sufuria ilifikia chini upesi, na waliochelewa walilamba chumvi peke yake. Aba Michée alikosa. Alisema Sarepta ilikuwa na mafuta yasiyokwisha, lakini Kikula ina watu wengi mno. Mama Berthe alipata la mwisho. Alilila amesimama, akageuza uso, kisha akasema, "Lilipungukiwa kahawa kidogo," na Mathilde akajua kwamba neno lote limekwisha.

Wakati wa kuondoka Claire alimkumbatia langoni. "Ukikufa," alisema kwa kile Kiswahili chake kisichojua kuzunguka, "nani atapika?"

"Mabinti wako hapa wengi. Nitafundisha."

"Na sufuria?"

"Haijue nyama, mama. Haitajua."

Bisi iliingia kati ya malori ikapotea. Mathilde aliosha vyombo. Hakukuwa na kitu ndani yake, hata chembe, na vilikuwa vyepesi kama karatasi. Sufuria ya bluu aliirudisha kwenye msumari wake, ila msumari wenyewe aliung'oa kwanza kutoka gizani, akaupigilia karibu na mlango, panapoonekana kutoka barabarani.

Siku ya Ijumaa alipofungua lango kwenda Misa, alikuta mfuko umefungwa kwenye komeo. Aliufungua kwa uangalifu, kama anavyofungua kila kitu. Ulikuwa umejaa maganda makavu ya vitunguu, yamechambuliwa, safi, mekundu kama shaba.

Upande wa pili wa ukuta mtu alikohoa.

"Nasikia, mama Berthe," Mathilde alisema. "Kuya jioni na mayai yako. Na kahawa uilete weye mwenyewe, kwa vile unajua kipimo."